Sauti za ala za taarabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa taarabu asilia ya Zanzibar, pamoja na kidumbak (ndugu yake wa ngoma na kucheza) na kidogo ya Mombasa. Tumejibu kwa upande wa sauti: inatoka wapi kwenye ala, kwa nini sikio huipenda, na nini huiharibu.

Ni sauti ya ala gani wasikilizaji huitaja kwanza?

Ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kupigwa kwa vidole. Wasiojua jina lake huielezea: "kile kinachomwagika kama shanga." Baada yake huja fidla, halafu nai, ile filimbi ya mwanzi. Akodiani ina wapenzi wake wakali, hasa watu wazima waliokua na bendi kubwa. Besi na dumbak (ngoma ya mkono) hawatajwi kabisa mpaka siku hawapo, na hapo watu husema muziki "umepwaya" bila kujua kilichokosekana.

Ule mng'aro wa ganuni unatoka wapi?

Unatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni idadi ya nyuzi. Ganuni ya Kiarabu iliyozoeleka ina nyuzi 78, zimepangwa tatutatu, kwa hiyo kila noti ina nyuzi tatu zinazopigwa pamoja. Hata mpigaji makini hawezi kuzifanya zilingane asilimia mia. Ukiwa na uzi wa mitikisiko 440 kwa sekunde, wa pili 440.5 na wa tatu 441, sauti inapanda na kushuka taratibu sana ndani ya noti moja. Sikio halisikii kosa hapo, linasikia uhai. Wa tatu ukifika 443, mawimbi yanakuwa matatu kwa sekunde na noti inaanza kuchacha. Uzuri wa ganuni uko kwenye mpaka huo mwembamba.

Ya pili ni ngozi. Daraja linalobeba nyuzi halikalii mbao. Miguu yake imekaa juu ya vipande vya ngozi ya samaki au ya mbuzi, vinne au vitano. Ngozi ni nyepesi, inaitikia haraka kuliko ubao. Ndiyo maana mpigo unatoka mkali na wazi, kisha unakufa mapema na kuacha nafasi kwa noti inayofuata. Kama noti zingekaa muda mrefu, zile mbio za vidole viwili zingekuwa tope tupu.

Ya tatu ni risha, kipande chembamba cha kupigia nyuzi. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada, na chini ya kila pete huchomeka risha. Risha ngumu hutoa mlio wa juu unaokata katikati ya fidla kumi. Risha laini hutoa sauti ya mviringo inayopendeza chumbani lakini inapotea ukumbini.

Mbona mpiga ganuni anatyuni muda mrefu hivyo kabla ya shughuli?

Kwa sababu akigusa uzi mmoja anaigusa ngozi, na ngozi ikishuka kidogo nyuzi zote nyingine hulegea. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, ulizoanza nazo zimeshaondoka. Lazima urudie.

Utaratibu unaookoa muda ni huu. Toa ganuni kwenye mfuko nusu saa hadi saa moja kabla, ndani ya ukumbi ule ule utakaopigia, feni na kiyoyozi vikiwa vinafanya kazi kama vitakavyokuwa usiku. Laza chini vijiti vyote vya chuma vinavyobadilisha sauti. Kijiti kimoja kilichosahaulika kimesimama kitakufanya ulegeze uzi usiostahili. Chukua sauti kutoka kwa akodiani, siyo kutoka kwenye simu (sababu iko chini). Pitisha kitambaa chembamba kati ya nyuzi ili kila kundi la tatu lisikike uzi mmoja tu. Tyuni oktavu ya katikati kwanza, kisha shuka na upande kutoka hapo. Ondoa kitambaa, linganisha uzi wa pili na wa tatu na ule wa kwanza, siyo na mashine. Halafu anza upya, safari hii haraka.

Kila mara fikia sauti kwa kupanda, usifikie kwa kushuka. Ukilegeza uzi mpaka ukafika, mvuto unabaki umejificha karibu na kigingi, na katikati ya bashraf (kipande cha ala tupu) unajiachia. Kigingi kinachoteleza kisukume ndani huku unakizungusha. Chaki kidogo inasaidia.

Wakati wa masika, unyevu wa pwani unailegeza ngozi na daraja linazama. Hapo sauti inakuwa butu hata kama kila noti iko sawa. Dawa si kukaza nyuzi zaidi. Hifadhi ala kwenye mfuko uliofungwa wenye vipakti vya kukausha unyevu, na usiiache ndani ya gari lililopaki juani: gundi hulainika na ngozi hubanduka pembeni.

Watu husema udi "unazungumza". Wana maana gani?

Shingo ya udi, ala ya nyuzi yenye tumbo la mbavu za mbao, haina vikato vya chuma kama vya gitaa. Kidole kinaweza kusimama popote na kinaweza kuteleza, kama koo la mwimbaji linavyofanya. Pia shingo ni fupi na nyuzi zina mvuto mdogo, kwa hiyo noti inaanza na mgongano wa risha, inanenepa mara moja, kisha inafifia. Hiyo ni tabia ya silabi. Mpigaji mzuri wa takasim (upigaji wa peke yake, wa kubuni papo hapo) hulijua hilo na huacha nafasi za pumzi. Mbaya anajaza kila pengo.

Udi uliozoeleka una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake. Mpangilio mmoja wa Kiarabu unaotumika sana, kutoka chini kwenda juu, ni do, fa, la, re, sol, do. Jozi mbili za juu ni nailoni tupu, za chini zimezungushiwa waya mwembamba. Nyuzi zilizozungushiwa hufa kimyakimya: hazikatiki, ila jasho na vumbi vinajaa kwenye waya na mlio unakuwa kama wa kadibodi. Mtu anayelalamika kwamba udi wake "umezeeka" mara nyingi anahitaji nyuzi mpya tu.

Risha ya udi iwe ya nini?

Zamani ilikuwa unyoya wa tai. Leo ni plastiki, na wapigaji wengi hukata ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha. Ilaze ndani ya kiganja, ncha itokeze kidogo kando ya kidole cha shahada, na mpigo utoke kwenye kifundo cha mkono. Ncha ikatwe mviringo na kusuguliwa kwa msasa laini kabisa. Ncha yenye kona hukwaruza na kuongeza kelele ambayo maikrofoni huipenda kupita kiasi. Risha ya gitaa itapiga, lakini itakunyima ule mshindo wa kwanza mnene.

Robo sauti ni nini, na mbona mgeni husikia kama ala imekosea?

Kwenye piano, kati ya mi na mi iliyoshushwa nusu toni hakuna kitu. Muziki wa Kiarabu una noti inayokaa hapo katikati. Katika makamu (mpangilio wa noti) ya Rast inayoanzia do, mi na si zote ziko kwenye nafasi hiyo, na katika Bayati noti ya pili ndiyo inayobeba simanzi yote. Sikio lililolelewa na gitaa na kwaya linaisogeza noti ile kwenye nafasi ya karibu linayoifahamu, likishindwa linasema "imepotoka". Sikio lililokulia Mji Mkongwe linasubiri noti ile ile ndipo litikise kichwa.

Kabla vile vijiti vya chuma havijaenea, mpiga ganuni alizipata noti hizo kwa kubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Wapo wanaofanya hivyo hata sasa kwa mapambo ya haraka, na mlio wake una mkato mtamu ambao kijiti hakiutoi.

Lakini si taarabu yote ya Zanzibar inayotumia robo sauti. Nyimbo nyingi zinakaa kwenye makamu ambazo hata akodiani ya kawaida inazimudu. Anayekwambia kwamba bila robo sauti hakuna taarabu anazidisha.

Fidla ni ile ile ya Wazungu. Mbona hailii kama yao?

Ala ni ile ile. Nyuzi hazikutyuniwa vile vile. Mtindo wa Kizungu ni sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa mtindo wa Kiarabu hushusha nyuzi mbili za juu toni nzima kila mmoja, zikawa sol, re, sol, re. Mvuto ukipungua, mlio wa juu unapoteza ukali na kuwa wa koo zaidi. Juu ya hapo, ukipiga sol ya juu, sol ya chini inatikisika yenyewe bila kuguswa. Ule mwangwi mdogo ndio unaowafanya watu waseme fidla "inalia".

Jambo la pili ni mkono wa kushoto: kuteleza, kurudia noti kwa kuibonyeza kidogo, kuchelewesha kufika. Fidla sita zikipiga mahadhi mamoja, kila mpigaji hupamba kwa namna yake, na tofauti zile ndizo unene wa okestra. Mwalimu wa okestra ya Kizungu angezisahihisha zote. Tafadhali asialikwe.

Kinachoharibika mara kwa mara: ukishusha nyuzi bila kuangalia daraja, linainama polepole kuelekea upande mmoja na siku moja linaanguka kwa kishindo. Liangalie kila baada ya kutyuni, lisimame wima upande wa mkia.

Ile hewa inayosikika kwenye nai ni kasoro?

Hapana, ni nusu ya sauti yenyewe. Nai ni kipande cha mwanzi chenye pingili tisa, matundu sita mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Haina mdomo wala ulimi. Mpigaji huegemeza ncha pembeni mwa midomo na kupuliza kwa mshazari ili hewa igonge ukingo wa mwanzi. Sehemu ya hewa inageuka kuwa noti, sehemu inabaki pumzi. Ukiitoa pumzi yote unabaki na filimbi safi isiyomgusa mtu.

Kwa anayeanza, wiki za kwanza ni za kutafuta mlio tu, matundu yote yakiwa wazi. Akipata kizunguzungu apumzike. Anapuliza kwa nguvu mno. Nai baridi hulia chini kidogo, kwa hiyo ipashe moto kwa pumzi kabla ya kulinganisha na wenzio. Na kwa kuwa nai moja haifai kila ufunguo, mpigaji wa okestra hubeba kadhaa za urefu tofauti. Adui yake ni kiyoyozi: mwanzi ukikauka ghafla unapasuka kwa urefu. Mafuta mepesi, ufuta au lozi, yapakwe ndani kwa kitambaa mara chache kwa mwaka.

Kwa nini akodiani husikika pana kuliko ala nyingine?

Ndani yake kuna ndimi za chuma, na kwenye noti moja mara nyingi hulia mbili au tatu kwa pamoja. Fundi huzitofautisha makusudi kidogo. Ni siri ile ile ya nyuzi tatu za ganuni, ila hapa mvukuto unaiendeleza sauti muda wote mpigaji anapotaka.

Ndimi hizo hazibadilishwi ukumbini. Ndiyo sababu kila mtu hutyuni kwa kuifuata akodiani: ikiwa imekaa 442, okestra nzima ni 442 usiku huo, na mashine ya kwenye simu iliyowekwa 440 itawagombanisha bure.

Kuna akodiani zilizorekebishwa ili zitoe robo sauti. Fundi hukwangua ulimi: akikwangua karibu na ncha sauti inapanda, akikwangua karibu na shina inashuka. Usijaribu nyumbani kwa wembe. Ulimi uliokwanguliwa mno hauna dawa.

Dumbak na rika (tari ndogo yenye visahani vya shaba) zinachangia nini zaidi ya mdundo?

Zinachangia ncha mbili za sauti ambazo ala za mahadhi hazina. "Dum" ya katikati ya ngozi inaijaza chini, "tak" ya ukingoni inaikata juu, na vishaba vya rika vinamwaga mlio wa juu kabisa unaofunika mapengo kati ya noti. Msikilizaji anahisi wimbo "una joto" na hajui ni vishaba.

Dumbak ya udongo na ngozi ya mbuzi ina "dum" ya tumbo. Ya aluminiamu na plastiki ina "tak" kali na haibadiliki na hali ya hewa. Kwa harusi ya nje wakati wa mvua, chukua ya plastiki, hakuna ubishi. Ngozi halisi ikilegea, ipashe kwa mbali juu ya makaa au kwenye taa ya balbu, ukiizungusha. Ukiikaribia moto inakaza upande mmoja na kupasuka pembeni.

Kidumbak ni taarabu ndogo?

Ni ndugu yake mwenye kelele. Fidla moja, ngoma mbili ndogo za dumbak, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (kayamba za mkononi) na sanduku (besi ya boksi na kamba). Hapa fidla inapigwa kwa ukali, kwa sababu inagombania nafasi na ngoma na watu wanaocheza.

Sauti inayopendwa zaidi ni ya sanduku. Unaweza kulitengeneza: chukua boksi la mbao nyembamba, mfano wa lile la majani ya chai, upana wa nusu mita hivi, upande mmoja uwe wazi. Ligeuze, uwazi ukae chini. Toboa katikati ya upande wa juu, pitisha kamba ya nailoni na uifunge kwa ndani kwenye kipande cha mti ili isichomoke. Ncha ya pili ifunge juu ya fimbo ya mita 1 na robo. Kisigino cha fimbo kikae ukingoni mwa boksi. Ukiivuta fimbo nyuma kamba inakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Weka kijiwe chini ya ukingo mmoja ili hewa itoke, la sivyo sauti inabaki ndani na unasikia "pu" tu. Mbao ikiwa nene hutapata kitu.

Noti zake hazina mipaka iliyonyooka, zinavutwa na kuachiwa. Hilo ndilo linalomwinua mtu kwenye kiti.

Ile ala ya taarabu ya Mombasa yenye vitufe kama taipureta ni ipi?

Taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikapita India kabla ya kuizoea pwani ya Kenya. Mkono mmoja unabonyeza vitufe, mwingine unapiga nyuzi za chuma kwa risha. Ikiunganishwa na kipaza sauti hutoa mlio mkali wa puani, na ukisikia sekunde tatu tu unajua uko Mombasa, siyo Unguja.

Kinanda cha umeme kinaweza kuchukua nafasi ya ala hizi?

Taarabu ya kisasa imeshalijibu swali hilo kwa vitendo: kinapiga, watu wanacheza, na gharama ya kusafirisha wapigaji ishirini imepungua. Ila kama lengo ni sauti ya asilia, kinanda hukosa mwanzo wa noti. Mkwaruzo wa risha na mgongano wa ulimi hutokea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na humo ndimo sikio linapoitambulia ala. Noti ya kinanda inaanza vile vile kila ukibonyeza.

Kama huna njia nyingine, angalau tafuta sehemu ya kurekebisha ngazi. Vinanda vingi hugawa nusu toni vipande 100. Kwa Rast ya do, shusha mi na si vipande 50, kisha pandisha kidogo kidogo huku mwimbaji akiimba mpaka mkubaliane. Usipandishe kwa kutazama namba.

Nikisikiliza kwa spika ya simu napoteza nini?

Chini yote. Uzi mnene wa besi kubwa unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa kwa kasi ndogo hivyo. Sanduku nalo linabaki kama mtu anagonga meza. Faili lililobanwa sana huharibu na juu pia: vishaba vya rika vinageuka kuwa mchanga. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, usikilize wimbo ule ule tena.

Rekodi za zamani ni jambo jingine. Santuri alizorekodi Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu wa Zanzibar, huko Bombay mwaka 1928 hazikuweza kubeba vizuri sauti za juu sana wala za chini sana. Sauti yake na mahadhi vimebaki. Unene wa ala haukubaki. Usihukumu wapigaji wale kwa mlio wa santuri.

Nataka kurekodi ganuni au udi kwa simu nyumbani. Niiweke wapi?

Ganuni: simu iwe juu, sentimita 40 hivi, ikielekea katikati ya nyuzi. Ukiielekeza kwenye daraja utapata mkwaruzo, ukiielekeza kwenye vigingi utapata utupu. Udi: sentimita 30 mbele, ikilenga mahali shingo inapoungana na tumbo, ukilenga tundu kubwa, besi itavimba. Nai: pembeni, kamwe siyo mbele ya mdomo. Tandika mkeka au zulia, funga feni, na piga jaribio la sehemu yenye kelele zaidi kwanza. Sauti ikikwaruza hapo, rudi nyuma nusu mita. Usitegemee kuirekebisha baadaye.

Nianze na ala ipi?

Kama huna mwalimu karibu, rika au dumbak: utajua makosa yako mwenyewe na utaingia kundini mapema. Ukiwa Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinafundisha ala nyingi zilizotajwa hapa, kwa hiyo udi au ganuni si ndoto. Ukinunua udi wa mtumba, shika mwanga na uchungulie tumbo kwa ndani uone kama mbavu zimeachana, kisha tazama umbali wa nyuzi na shingo pale inapokutana na mwili. Ukizidi milimita 4, shingo imeinama na fundi wa kuirudisha ni ghali kuliko udi wenyewe.